SIKU YA ASHURA: TUIKUMBUKE KWA SAUMU, TUSIIKUMBUKE KWA KISASI

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Tunamhimidi, tunamuomba msaada na tunamuomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake, na wote waliofuata mwenendo wake mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo: Ndugu Waislamu, ninawausia ninyi na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa wazi. Mwenye kumcha Mungu hapotei njia, hata kama inchi nzima imepotea.

Tumo ndani ya Muharram, mwezi wa kwanza wa mwaka wa Hijra na mmoja katika ile miezi minne mitukufu. Siku yake ya kumi, tunayoiita Ashura, iko mbele yetu. Katika hotuba ya leo tutazame mambo yaliyotokea siku hiyo, kisha tujiulize: mwenye imani aikumbuke namna gani siku iliyoleta furaha, na aikumbuke namna gani siku iliyoleta msiba?

1. SIKU ZA MWENYEZI MUNGU

Katika Suratu Ibrahim, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba alimtuma Musa (a.s.) awatoe watu wake gizani na kuwapeleka kwenye nuru, na akamuamuru awakumbushe siku za Mwenyezi Mungu. Aya hiyo inamalizika kwa kusema kwamba ndani ya mambo hayo mna ishara kwa kila mwenye kusubiri sana na kushukuru sana.

Basi kukumbuka siku ni amri, si jambo la bure. Lakini angalieni, ndugu zangu, aya imetaja watu wa namna mbili tu wanaofaidika na kumbukumbu: mwenye subira na mwenye shukrani. Mwenye chuki hakutajwa.

Siku yenyewe haina bahati wala nuksi. Mwaka wa 10 wa Hijra alikufa Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.), na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema: jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha mtoto wa Mtume. Mtume, na msiba ungali moyoni mwake, akawakataza. Akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kwa hiyo tunapotaja Ashura hatuiabudu tarehe. Tunatafuta mafundisho.

2. ASHURA YA MUSA: SIKU YA WOKOVU

Mtume wetu (s.a.w.) alipohamia Madina, mwaka wa 622, aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura. Akawauliza sababu. Wakamwambia kwamba hiyo ndiyo siku Mwenyezi Mungu alipomuokoa Musa na Bani Israili na kumzamisha Firauni na jeshi lake, na Musa akaifunga kwa kushukuru. Mtume akasema kwamba sisi tuna haki zaidi kwa Musa kuliko wao. Akafunga, na akawaamuru watu wafunge.

Tumkumbuke Firauni alivyokuwa. Alikuwa akichinja watoto wa kiume na kuwaacha wa kike. Aliwagawa watu wa inchi yake makundi makundi, kundi moja akalidhoofisha, kama Mwenyezi Mungu anavyosema mwanzoni mwa Suratul Qasas. Leo pia tunaijua hila hiyo: kugawa watu ili kuwatawala. Bani Israili walipofika baharini, mbele maji, nyuma jeshi, walilia kwamba wamekwisha kupatikana. Musa akawajibu kwamba sivyo, kwa kuwa Mola wake yuko pamoja naye na atamuongoza. Bahari ikapasuka.

Ndugu Waislamu, mateso ya Bani Israili hayakuwa ya siku moja. Na siku adui alipozama mbele ya macho yao, Musa aliitia alama siku hiyo kwa njaa na kiu, kwa ajili ya Mola wake. Hakuifanya siku ya kutukana wafu. Alifunga. Huo ndio mwenendo ambao Mtume wetu aliuchukua na kutuachia.

Masahaba walikuwa wakiwafundisha hata watoto wao. Bibi mmoja wa Madina, Rubayyi binti Muawwidh (r.a.), amesimulia kwamba waliwafungisha watoto siku ya Ashura na kuwatengenezea vichezeo vya sufi. Mtoto akilia kwa njaa, anapewa kichezeo mpaka jua lizame. Mama zetu mnaosikiliza, chukueni jambo hili: mtoto wa Madina aliijua Ashura kwanza kwa kichezeo mkononi na mama ubavuni. Hakufundishwa jina la mtu wa kuchukiwa.

Mwaka wa 2 wa Hijra saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa, na tangu hapo Ashura ikawa sunna: mwenye kutaka hufunga. Mtume alisema kwamba anatarajia kwa Mwenyezi Mungu saumu ya siku hiyo ifute madhambi ya mwaka uliopita. Akasema pia kwamba akiishi mpaka mwaka ujao atafunga na siku ya tisa. Alifariki kabla ya mwaka huo kufika.

3. ASHURA YA HUSEIN: SIKU YA MSIBA

Miaka 50 baada ya kufariki Mtume, kwa hesabu ya Hijra, siku hiyohiyo ya 10 Muharram, mwaka wa 61, sawa na Oktoba 680, mjukuu wake Husein bin Ali (r.a.) aliuawa Karbala, katika inchi ya Iraki.

Huyu ndiye mtoto ambaye, siku moja Mtume akiwa juu ya mimbari, aliingia msikitini pamoja na ndugu yake Hasan wakijikwaa, na Mtume akakatisha hotuba, akashuka na kuwabeba. Yeye na ndugu yake ndio mabwana wa vijana wa Peponi. Kumpenda si jambo la kundi moja la Waislamu. Kila anayemsalia Mtume na jamaa zake katika sala amekwisha kumtaja.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Mwaka wa 60 Muawiya alikufa, mwanawe Yazid akakalia utawala. Husein hakutoa kiapo cha utii. Watu wa Kufa wakamwandikia barua nyingi wakimwita. Akamtuma mbele binamu yake, Muslim bin Aqil. Lakini gavana Ubaidullah bin Ziyad aliwatisha watu na kuwahonga, wakamuacha Muslim peke yake, naye akauawa. Husein alikuwa njiani tayari, pamoja na wanawake na watoto.

Njiani alikutana na askari wa Ubaidullah wakiongozwa na Hurr bin Yazid. Walikuwa na kiu, Husein akaamuru wapewe maji, wao na farasi wao. Wakati wa adhuhuri ulipofika, Husein aliwasalisha wote, watu wake na askari waliokuja kumzuia, safu kwa safu, kibla kimoja. Siku chache baadaye, wale aliowanywesha na wenzao waliziba njia ya mto Furati, na watoto wa nyumba ya Mtume wakalala na kiu.

Jeshi la Karbala liliongozwa na Umar bin Saad. Ndugu zangu, mjue huyu ni mtoto wa nani. Baba yake ni Saad bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Mtoto wa mtu kama huyo alisitasita, kisha akakubali, juu ya ahadi ya kupewa utawala wa mji wa Rayy. Alipigana na mjukuu wa Mtume kwa ajili ya cheo. Na cheo chenyewe hakukipata.

Usiku wa kuamkia Ashura Husein aliwaambia wenzake waondoke gizani, kwa kuwa adui anamtaka yeye tu. Walikataa. Asubuhi walikuwa wanaume karibu 72 mbele ya maelfu. Hurr, yule aliyemzuia njiani, alitetemeka moyoni, akageuza farasi wake, akaomba msamaha, akafa upande wa Husein. Mlango wa toba ulikuwa wazi mpaka saa ile, na alipita mtu.

Ilipofika jioni Husein alikuwa ameuawa, na kichwa chake kikapelekwa kwa Ubaidullah, katika jumba la gavana huko Kufa.

Firauni alikuwa kafiri aliyejifanya mungu. Waliomuua Husein walikuwa wakisali. Ndiyo sababu Ashura ya pili inatuogopesha kuliko ya kwanza. Inatufundisha kwamba mtu anaweza kuwa na alama ya sijida usoni na damu mikononi.

4. VICHWA VINNE KATIKA JUMBA MOJA

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mwaka wa 66 alisimama mtu mjini Kufa anayeitwa Mukhtar, akapaza sauti ya kulipiza damu ya Husein. Watu wengi walimfuata, maana donge lilikuwa bado kooni. Umar bin Saad aliuawa, na mwanawe Hafs naye akauawa. Mwaka wa 67 jeshi la Mukhtar lilimuua Ubaidullah bin Ziyad karibu na mto Khazir, na wanahistoria wameandika kwamba ilikuwa siku ya Ashura. Siku ileile! Kichwa cha Ubaidullah kikaletwa Kufa.

Wengi walifurahi. Walidhani hesabu imekwisha. Lakini mwaka huohuo Musab bin Zubair alimshinda Mukhtar na kumuua, pamoja na maelfu ya watu wake waliokuwa wamekwisha kujisalimisha. Mwaka wa 72 Musab naye aliuawa na jeshi la Khalifa Abdul-Malik bin Marwan.

Imesimuliwa kwamba Abdul-Malik alipokaa katika jumba la Kufa na kichwa cha Musab kimewekwa mbele yake, mtu mmoja aliyekuwapo alipigwa na hofu. Khalifa akamuuliza ana nini. Mtu yule akamweleza kwamba katika jumba hilohilo alikiona kichwa cha Husein mbele ya Ubaidullah. Kisha akakiona kichwa cha Ubaidullah mbele ya Mukhtar. Kisha kichwa cha Mukhtar mbele ya Musab. Na sasa anakiona kichwa cha Musab mbele yake. Khalifa akainuka pale alipokaa, akaamuru jumba libomolewe.

Miaka 11, vichwa vinne. Kila mmoja alisema analipa haki. Kila mmoja alikuwa na tarehe yake ya kukumbuka. Abdul-Malik alibomoa jumba, lakini jumba halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya vifua vya watu.

5. ALIYEKATA MNYORORO

Yuko mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kuchukia kuliko wote. Ni Ali bin Husein, anayeitwa Zainul Abidin. Siku ya Karbala alikuwa kijana, mgonjwa, amelala hemani. Aliona baba yake na ndugu zake wakiuawa, kisha akapelekwa mateka pamoja na shangazi yake Zainab.

Mwaka wa 63 watu wa Madina waliwaasi Bani Umayya na kuwafukuza mjini. Kati yao alikuwamo Marwan, mtu ambaye miaka mitatu nyuma alimshauri gavana wa Madina kwamba Husein akikataa kiapo, akatwe shingo. Marwan alitafuta mtu wa kuihifadhi familia yake. Aliyekubali ni Zainul Abidin. Aliwapokea wake na watoto wa mtu aliyeshauri baba yake auawe.

Na imesimuliwa kwamba usiku alikuwa akibeba mkate mgongoni mwake, akiwagawia maskini wa Madina bila kujulikana. Alipokufa, waliomuosha waliona alama mgongoni, na nyumba nyingi za maskini zikajua ni nani aliyekuwa akizilisha, kwa kuwa mkate haukuja tena.

Huyu hakusahau Karbala hata siku moja. Aliilia maisha yake yote. Lakini hakuirithisha kwa upanga.

Hilo ndilo fundisho la babu yake. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10, Mtume (s.a.w.) alitangaza kwamba visasi vyote vya damu vya zama za Jahiliya amevifuta, na kisasi cha kwanza alichokifuta kilikuwa cha nyumba yake mwenyewe, damu ya mtoto wa Rabia bin Harith, binamu yake. Hakuanza na damu inayodaiwa na watu wengine. Alianza na deni alilokuwa analidai yeye.

6. TAREHE ZETU SISI

Ndugu zangu, sisi wa Kongo pia tuna tarehe zetu. Tangu mwaka wa 1996 upande wa mashariki wa inchi yetu umeona vita juu ya vita. Tarehe 2 Agosti 1998 ilianza vita ya pili, na leo sheria imeiweka tarehe hiyo kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa yameingia kama marafiki, yalipigana ndani ya Kisangani, na raia ndio walioangukiwa na mabomu. Tarehe 1 Mei 2021, ndani ya Ramadhani, mkubwa wa Waislamu wa Beni alipigwa risasi msikitini wakati wa sala ya usiku, yeye aliyekuwa akihubiri kinyume cha mauaji. Na watu wanaoua wanawake na watoto huko Beni na Ituri wanalitaja jina la Uislamu. Karbala haiko mbali nasi.

Tena kuna tarehe ambazo hazimo katika kitabu chochote. Kila nyumba inayo yake: siku kijiji kilipochomwa, siku baba alipochukuliwa, siku mama alipokimbia na mtoto mgongoni. Hatumwambii mtu asahau. Mwenye kumwambia mjane asahau hajui uchungu. Kukumbuka wafu wetu, kuwaombea dua, kusema ukweli wa yaliyotendeka na kudai haki mbele ya hakimu, yote hayo ni halali. Katika Suratul Israa, aya ya 33, Mwenyezi Mungu amempa walii wa aliyeuawa kwa dhuluma haki yake, na papo hapo amemkataza asipite mpaka katika kuua. Haki inamtafuta aliyetenda. Kisasi kinamtafuta mtoto wake, jirani yake, mtu wa kabila lake, mtu wa lugha yake. Hapo ndipo Hafs alipokufa kwa ajili ya baba yake. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumeonywa kwamba chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu.

Kijana unayesoma karatasi hii, jiulize: simu yako ina nini? Picha za maiti unazowatumia wenzako, na chini yake maneno ya kutukana kabila fulani, zinamsaidia maiti gani? Ukitaka kumsaidia aliyekufa, muombee, mtolee sadaka, lisha yatima wake. Na mzee wangu, unapowasimulia wajukuu yaliyotupata, usiishie pale adui alipotenda uovu. Wasimulie pia jirani wa kabila lingine aliyekuficha chini ya kitanda chake. Naye ni sehemu ya tarehe hiyo.

Nasema maneno yangu haya, na ninamuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillah, rehema na amani zimfikie Mtume wa Mwenyezi Mungu. Ndugu Waislamu, baada ya kusikia, tutende. Tunashika mambo manne.

Kwanza, tufunge siku ya 9 na ya 10 Muharram. Asiyeweza siku zote mbili, afunge ya kumi. Wagonjwa, na mama wenye mimba au wanaonyonyesha wakihofia afya, wasijilazimishe. Hii ni sunna.

Pili, tusizidishe. Kuna habari nyingi zinazopita midomoni kwamba kila jambo kubwa la Manabii lilitokea siku ya Ashura, na wanachuoni wamezichambua na kuona nyingi hazina msingi. Tusiifanye siku ya sherehe kwa sababu Husein aliuawa, Mungu apishe mbali, wala tusijipige na kujijeruhi. Tusigombane msikitini juu ya Karbala: anayegombana na Mwislamu mwenzake kwa jina la Husein ameongeza jeraha lingine.

Tatu, jioni ya Ashura, kabla ya kufuturu, kila mmoja amtaje moyoni mtu mmoja anayemchukia, na aombe kwa Mwenyezi Mungu chuki hiyo iondoke. Ukiweza, mtume mtu mwenye busara ampelekee salamu. Usipoweza mwaka huu, basi usimrithishe mtoto wako.

Nne, futari ya siku hiyo tuigawane na walio na haja, hasa ndugu waliokimbia vita na wanaokaa kwa watu. Sahani moja ya fufu na sombe inatosha. Msiulize kwanza anatoka kabila gani.

Ewe Mola wetu, uliyempasulia Musa bahari, tupasulie njia katika dhiki ya inchi yetu. Wakomeshe Mafirauni wa zama zetu na uwarudishe kwenye haki waliopotea. Uwarehemu wafu wetu wote, tunaowajua makaburi yao na tusiowajua. Uwape subira wajane na yatima. Uondoe donge katika vifua vyetu, wala usitufanye sisi kuwa wakati wa Hurr kupita mlangoni tulibaki nje. Ujalie amani Kongo yetu na inchi jirani zetu. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, hakika Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu na wema. Inukeni kwa sala.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie bidhaa. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani.